USIONE VYAELEA: STEVE McQUEEN NA GARI ZA LE MANS

Wahenga wetu wa visiwani, waliozoea kuona majahazi yakielea bandarini, walituachia onyo kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Onyo hilo lilikusudiwa chombo cha baharini, lakini linafaa pia kwa chombo cha nchi kavu, na linafaa zaidi kwa sinema, ambayo kazi yake ni kuonyesha kinachoelea na kuwaficha waliokiunda. Leo tumekusudia kulitumia onyo hilo katika kuyatazama maisha ya Steve McQueen, mwigizaji wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1980, pamoja na sinema yake ya mbio za gari iitwayo Le Mans, iliyotoka mwaka 1971.

Msomaji ana haki ya kuuliza gazeti la visiwani lina haja gani na mwigizaji wa Hollywood, au na gari za mbio ambazo barabara zetu hazijapata kuziona. Jibu letu ni hili. Wapo vijana wetu wanaokaa barazani jioni wakizitazama upya sinema kongwe kwenye simu zao. Huisimamisha picha, wakabishana: ile ni Porsche ya aina gani, ile ni Ferrari ya mwaka gani, na ile nyingine mbona umbo lake halilingani na jina lake? Wako wazee wanaouona mchezo huo kuwa ni upuuzi. Sisi hatuuoni hivyo. Anayeisimamisha picha ili aulize kama anachokiona ni cha kweli amekwisha kuanza kujifunza kupambanua dhahiri na batini. Sharti letu ni moja tu, kwamba asiishie kwenye gari, bali afike kwa watu.

McQueen alizaliwa tarehe 24 Machi, 1930, katika mji wa Beech Grove, jimbo la Indiana, wakati Marekani imekwisha kuingia katika msukosuko mkubwa wa uchumi. Baba yake, aliyekuwa rubani wa maonyesho ya ndege, aliiacha familia mtoto akiwa bado mchanga. Mama hakuwa na uwezo wa kumlea peke yake, na mtoto akapelekwa Slater, jimbo la Missouri, kwenye shamba la mjomba wa mama yake. Huko alizoea kazi za shamba na nidhamu ya mzee yule. Ni mzee huyo aliyempa baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu alipotimiza miaka minne, na McQueen mwenyewe aliamini kuwa mapenzi yake ya mbio yalianzia hapo. Maradhi ya sikio yalimpunguzia usikivu, na kusoma kulimpa taabu.

Alipochukuliwa tena na mama yake alimkuta baba wa kambo mwenye mkono mzito. Kijana akaingia mitaani, akaingia katika wizi mdogo mdogo, na hatimaye akapelekwa Chino, California, katika skuli ya kurekebisha tabia za vijana iitwayo Boys Republic. Mwanzo alitoroka. Baadaye alitulia, akachaguliwa hata kuwa mmoja wa vijana walioshiriki kuendesha mambo ya wenzao. Hakuisahau skuli hiyo. Alipokuwa mtu mashuhuri alizoea kudai, kila anaposaini mkataba, apewe pia vitu vya kawaida kwa wingi, kama suruali za jinzi na mashine za kunyolea. Wenye makampuni walistaajabu tajiri huyu kufanya tamaa ya vitu vidogo. Baadaye ikajulikana kwamba vitu hivyo vilikwenda Chino, kwa vijana waliolala katika mabweni aliyolala yeye.

Mwaka 1947 alijiunga na jeshi la wanamaji la nchi yake. Hakuwa askari mtiifu. Alipandishwa na kushushwa cheo mara kadhaa, na aliwahi kufungiwa kwa kuchelewa kurudi kazini. Katika adhabu alizopewa ilikuwamo kazi ya kusafisha mabomba ndani ya meli na kuyabandua magamba yake ya asbesto. Tunamwomba msomaji aikumbuke kazi hiyo, kwani tutairejea. Alitoka jeshini kwa heshima mwaka 1950, na kwa msaada wa masomo uliotolewa kwa waliokuwa askari, akasomea uigizaji New York. Siku za mwisho wa wiki alishindana katika mbio za pikipiki ili kujiongezea riziki. Hivyo tangu mwanzo kazi zake mbili, ya kuigiza na ya kuendesha, zilikwenda pamoja kama makasia mawili ya mashua moja.

Sifa zake zilianza kuenea kwa mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1958, zikakua kwa sinema ya The Magnificent Seven ya mwaka 1960, na zikavuka bahari kwa The Great Escape ya mwaka 1963. Katika sinema hii ya mwisho mfungwa wa vita anawatoroka Wajerumani kwa pikipiki na kuruka ua wa waya. Mwenye kutazama kwa makini hugundua mambo mawili. Kwanza, pikipiki ile inayodaiwa kuwa ya jeshi la Kijerumani ni Triumph ya Uingereza iliyovishwa sura nyingine. Pili, aliyeruka ua si McQueen bali ni rafiki yake Bud Ekins, fundi na mshindani wa pikipiki. McQueen hakujitwalia sifa hiyo, na jambo hilo linastahili kusemwa kwa sababu wengi katika kazi yake wangejitwalia.

Mwaka uliofuata, yaani 1964, yeye na Ekins walikuwa katika timu ya Marekani iliyokwenda Erfurt kushiriki mashindano ya siku sita ya pikipiki. Erfurt ilikuwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, nchi ambayo mwaka huohuo iliingia katika uhusiano na Zanzibar, na ambayo mafundi wake walisaidia kuzijenga nyumba za maendeleo za Kilimani. Wakati wa vita baridi haikuwa jambo la kawaida mwigizaji mkubwa wa Hollywood kwenda huko kama mshindani miongoni mwa washindani. Ajali ilimtoa kabla ya mashindano kwisha, lakini alikuwa amejipima kwa kipimo cha watu wa kazi yenyewe, si kwa makofi ya watazamaji.

Kutoka hapo alishikwa na nia moja: kutengeneza sinema ya mbio za gari isiyo na udanganyifu. Alitangulia kuwa na mradi wake, lakini sinema ya Grand Prix, iliyotoka mwaka 1966, ikamshinda kwa kuwahi, na mradi wake ukafutwa. Grand Prix ni kazi kubwa. Hata hivyo wajuzi wanafahamu kwamba gari nyingi walizoendesha waigizaji wake zilikuwa za daraja la chini, yaani Formula 3, zilizovishwa mabodi ili zifanane na Formula 1. Mwaka 1968 McQueen akatoa Bullitt, yenye Ford Mustang ya kijani ikiifukuza Dodge Charger nyeusi katika vilima vya San Francisco. Hapo pia wenye macho makali wamehesabu kwamba Dodge ile inapoteza vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu yake, na kwamba Volkswagen moja ya kijani inapitwa mara kadhaa katika mbio zilezile. Hizo ni dosari za wakataji wa filamu, si za madereva. Lakini McQueen alitaka zaidi ya hayo. Alitaka Le Mans.

Le Mans ni mji wa Ufaransa ambao tangu mwaka 1923 una mashindano ya gari ya saa 24, usiku na mchana, jua na mvua. Mwaka 1970 mzunguko wake ulikuwa wa zaidi ya kilomita 13, sehemu kubwa ikiwa ni barabara za kawaida za wananchi zilizofungwa kwa ajili ya mbio. Washindani wakubwa wa mwaka huo walikuwa wawili. Upande mmoja ilikuwapo Porsche 917 ya Ujerumani, yenye injini ya silinda 12 inayopozwa kwa hewa. Upande wa pili ilikuwapo Ferrari 512S ya Italia, ambayo jina lake lenyewe ni maelezo: lita 5, silinda 12. Kanuni za wakati huo zilitaka ziundwe gari 25 za kila aina ndipo zikubaliwe. Tunazungumzia, basi, vyombo vilivyokuwa adimu tangu siku vilipotoka kiwandani.

McQueen alikusudia kushindana yeye mwenyewe, akishirikiana na Mskoti Jackie Stewart katika Porsche 917. Hakuwa akijidai bure. Mwezi wa Machi 1970, mguu wake wa kushoto ukiwa umefungwa plasta kwa ajali ya pikipiki, yeye na Peter Revson walishika nafasi ya pili katika mashindano ya saa 12 ya Sebring, Florida, wakiwa na Porsche 908, nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti na wenzake kwa chini ya nusu dakika. Haki inatutaka tuongeze kwamba Revson ndiye aliyeendesha kwa saa nyingi zaidi. Pamoja na hayo, wenye fedha za sinema na wenye bima walimkataza kushindana Le Mans. Mwigizaji alikuwa mali iliyokatiwa bima, na mali haina hiari.

Badala yake ikaingizwa mashindanoni Porsche ileile ya aina ya 908, ikiwa imefungwa kamera mbele na nyuma, na kuendeshwa na Herbert Linge na Jonathan Williams. Tarehe 13 na 14 Juni gari hiyo ilikimbia katikati ya washindani wa kweli, ikisimama mara kwa mara kubadilisha filamu. Ilimaliza saa 24, lakini haikupewa nafasi rasmi kwa kuwa umbali wake haukutosha. Ilipoteza nafasi yake kwa sababu ilikuwa ikiandika habari za wenzake. Ni mfano mzuri wa mtumishi wa kumbukumbu.

Gari nyingine ya kamera iliyotumika baadaye ilikuwa Ford GT40 ambayo kabla ya hapo ilikwisha kushinda mashindano makubwa ya Ulaya. Ilikatwa paa ili mpiga picha apate nafasi. Watazamaji wa Le Mans wanaitumia gari hiyo kama jicho lao bila ya kuiona. Miaka mingi baadaye ilirudishiwa paa lake, na mwaka 2012 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 11.

Sasa tuisimamishe picha. Mwanzoni tunaiona Porsche 911S ya rangi ya kijivu ikipita taratibu katika barabara za mashambani, na dereva wake, Michael Delaney, hasemi takriban neno kwa zaidi ya nusu saa ya kwanza. Kisha yanakuja mashindano. Tunaziona gari zimepangwa mshazari, na madereva wamekwisha kukaa na kujifunga mikanda. Huo ni ushahidi wa tarehe, kwa kuwa mwaka 1970 ndio wa kwanza ambao madereva wa Le Mans hawakuzikimbilia gari zao kwa miguu. Katika picha zilizochukuliwa siku ya mashindano yenyewe, pamoja na Porsche na Ferrari, zinapita Matra za Ufaransa, Alfa Romeo za Italia, Corvette ya Marekani na Chevron ya Uingereza, kila moja na mlio wake. Gari 51 zilianza. Ni 7 tu zilizopewa nafasi rasmi mwishoni. Nyingi katika hizo nyingine, habari zake zilizobaki kwa macho ya watu ni hizo picha chache tu.

Lakini si kila kinachoonekana ni ukweli. Katika sinema, Porsche za buluu na chungwa zenye rangi za Gulf zinashinda. Katika mashindano ya kweli gari tatu za timu hiyo zote zilishindwa kumaliza, na mshindi alikuwa Porsche nyekundu na nyeupe, namba 23, ya Hans Herrmann na Richard Attwood. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Porsche Le Mans. Aidha, zile gari mbili zinazovunjikavunjika kwa ajali, moja ikiitwa Porsche na nyingine Ferrari, si Porsche wala si Ferrari. Ni Lola T70 za Kiingereza zilizovishwa mabodi ya wenzao na kuongozwa kwa mitambo kutoka mbali. Kwa hiyo mtu aliyeapa kutodanganya alilazimika kudanganya pale ambapo ukweli ungegharimu roho. Hatumlaumu kwa hilo. Uongo wa chuma unaookoa nyama na damu ni mdogo.

Tunachotaka kijulikane ni kwamba pahali pengine hakuokoa. Baada ya mashindano kazi ya kupiga picha iliendelea kwa miezi katika barabara ileile, kwa mwendo wa kweli, huku mchezo wenyewe haujakamilika kuandikwa. Mwongozaji John Sturges alichoka, akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Lee Katzin. Derek Bell aliungua usoni Ferrari yake iliposhika moto. David Piper, dereva wa Kiingereza, alipata ajali ndani ya Porsche 917 wakati wa kupiga picha, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Jina lake limewekwa katika maandishi ya sinema pamoja na shukrani kwa mhanga wake. Nani, katika wanaoyajua macho ya buluu ya McQueen, anaujua mguu wa Piper?

McQueen naye alilipa. Alipoteza sehemu kubwa ya mamlaka yake juu ya kazi aliyoianzisha. Ndoa yake na Neile Adams, aliyeoana naye mwaka 1956, ilikuwa ikivunjika, na talaka ilitoka mwaka 1972. Sinema ilipotoka watu walisema haina hadithi, na fedha zilizopatikana hazikulingana na matumaini. Alirudi kwenye kazi za kawaida, akafanikiwa tena kwa Papillon mwaka 1973 na The Towering Inferno mwaka 1974, lakini hakutengeneza tena sinema ya mbio za gari.

Wakati umeitoa hukumu nyingine. Kilichoitwa upungufu, yaani hadithi ndogo na gari nyingi, ndicho kilichoifanya sinema hiyo kuwa daftari la kuaminika la mwezi wa Juni 1970. Ile Porsche ya kijivu iliuzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 1.375. Mustang ya Bullitt, iliyokaa mafichoni kwa miongo kadhaa, iliuzwa mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 3. Sisi hatuzitaji bei hizi kwa kuzistaajabia. Matajiri hununua chuma kilichoguswa na mtu mashuhuri. Mkono wa fundi aliyekifunga haununuliki wala haukumbukwi. Thamani ya kweli ya picha zile ni ya yule kijana asiye na senti, aliye barazani, anayeweza leo kuona jinsi chombo kile kilivyopinda kona usiku wa mvua zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 1979 madaktari walimkuta McQueen na saratani ya utando wa mapafu, maradhi ambayo mara nyingi husababishwa na vumbi la asbesto. Yeye mwenyewe aliihusisha na yale mabomba aliyoyasafisha ujanani ndani ya meli, na pia na mavazi ya kuzuia moto waliyovaa madereva wa mbio. Alitafuta tiba Meksiko, nyingine zikiwa ni tiba ambazo madaktari wa kwao hawakuzikubali. Alifariki Ciudad Juárez tarehe 7 Novemba, 1980, saa chache baada ya kupasuliwa, akiwa na umri wa miaka 50. Mtu aliyenusurika na mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, mbele ya kamera na macho ya dunia, yaelekea aliuawa na vumbi la kazi ya adhabu ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Hapo ndipo tunapotaka kumfikisha msomaji, na hasa msomaji mwenye dhamana ya ofisi. Hatari inayoonekana huwekewa bima, waokoaji na magari ya zimamoto. Hatari isiyoonekana huachiwa kibarua anayefagia, anayekwangua kutu na rangi chini ya meli, anayebomoa paa kuukuu bila ya kitambaa usoni. Asbesto haikuchagua kati ya mwigizaji tajiri na baharia maskini. Ilichelewa tu, kwa takriban miaka 30. Mkuu wa kazi anayesubiri mgonjwa wa kwanza ndipo aweke kinga amekwisha kuchelewa kwa muda uleule.

Na kwa wale wenye dhamana ya kuhifadhi picha na filamu zetu wenyewe, tunasema hivi. Haitoshi kuuweka utepe kabatini na kuandika juu yake jina la mgeni wa heshima aliyefungua jengo. Yaandikwe pia majina ya waliolijenga, ya dereva, ya fundi, na ya mpiga picha mwenyewe, maadamu wapo wanaoyakumbuka. Gari za Le Mans zinatambulika leo kwa sababu kila moja ilikuwa na namba ubavuni na kuna daftari la namba hizo. Haifai mtu akumbukwe kwa uchache kuliko gari.

Ama vijana wa barazani, waendelee kuisimamisha picha. Wakiisha kuitambua Porsche waitambue Lola iliyojificha ndani yake. Wakiisha kuitambua Lola wamuulizie David Piper. Na wakiisha kumjua Piper wamkumbuke na yule askari mchanga, ndani ya tumbo la meli, akibandua magamba ya mabomba bila ya kujua anachokivuta. Hapo watakuwa wameiona sinema nzima.